Kanda Iliyokwama

Mwalimu Lyatuu aliniletea gari Jumatatu,
Korola nyeupe, stika ya gereji ya Nagoya bado iko kiooni.
"Aikaeli," akasema, "huyu mwanamke nimemchoka.
Mwaka na nusu ananiimbia kutoka Pasua hadi Himo,
na redio yenyewe inaishia tisini:
matangazo ya vifo siyapati, kwaya siipati.
Mtoe."

Nikafungua dashibodi. Ndiyo kazi yangu,
hadi Kiboriloni wananiita Mama Spika.
Nimeshatoa humu sarafu zenye tundu katikati,
pini za nywele, risiti ya mkate,
mara moja jino la mtoto, limeviringishwa kwenye karatasi.
Kanda, hii ya kwanza.

Lebo imeandikwa kwa mkono, wino wa bluu umepauka.
Herufi tatu. Ya kwanza kama nyumba inayofuka moshi,
ya pili kama mtu aliyejitwisha kuni,
ya tatu sijui, labda ngazi iliyoanguka.
Ni jina lake, au la wimbo, au la aliyepewa zawadi.

Nikaiweka kwenye deki ya mezani. Kuipima tu, nilijiambia.
Kinanda kwanza, cha umeme, chenye majimaji,
halafu besi inayotembea kama mtu mwenye viatu vipya,
halafu yeye.
Hapigi kelele. Kabla ya kiitikio anavuta pumzi,
na fundi aliyemrekodi hakuifuta ile pumzi.
Nampa mkono fundi huyo, popote alipo.
Hata mimi nisingeifuta.

Nikawawaza wote waliokuwa chumbani siku ile:
mpiga ngoma anatupia saa jicho, ana treni ya mwisho;
mtunzi, kijana, soksi imetoboka kidoleni,
kabadilisha mstari mmoja dakika ileile
na hajui kama ameuharibu.
Hakuna aliyeiwaza Pasua.

Jioni nikaenda nayo nyumbani. Mama alikuwa anachambua mchele.
Mama siku hizi ananiita kwa jina la dada yake marehemu
na chumvi anaitia mara mbili.
Kiitikio kilipokaribia, midomo yake ikatangulia.
Haikufuata. Ilitangulia,
ikayabeba maneno yale kama mayai,
halikuvunjika hata moja.

"Umeyatoa wapi, Mama?"
"Chekereni. Niliwapikia wataalamu wa mpunga.
Mmoja akiosha buti mferejini lazima auimbe huu.
Akanifundisha. Mimi nikamfundisha kula kiburu."
"Unasema nini?"
Akautafuta mlima kwa macho, mawingu yameuficha.
"Anasema: usinisubiri kituoni, mvua itakulowesha.
Au anasema: nisubiri.
Alinieleza mara mbili, kila mara tofauti."
Akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia,
cha msichana mwenye sufuria mkononi
na dakika kumi zake mwenyewe.
Halafu akaniita tena Ndeshi,
akaniambia niangalie maharage yasiungue.
Hatukuwa na maharage jikoni.

Alhamisi Mwalimu akarudi.
Redio nimemfungia kibadilishi, stesheni zote anazipata,
vifo, kwaya, bei ya kahawa.
Akasimama mlangoni anaizungusha kofia.
"Yule mwanamke," akasema, "ulimtupa?
Pale mteremko wa Uchira huwa anapandisha sauti
na mimi nabadilisha gia. Juzi gia niliisahau."

Sikumwambia yuko kwa nani.
Nimemwambia aje Jumamosi na kanda yoyote ya zamani,
hata ile ya harusi yake, kama mkewe ameridhia,
nami nitaihamisha kwa waya, pumzi na yote.
Kwenye lebo nitachora nyumba inayofuka,
mtu wa kuni, ngazi.
Nitachora polepole, kwa kalamu ya bluu.
Huenda ni jina la mtu.